Usambara si volkano iliyolala

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nirekebishe jambo ambalo limerudiwa mara nyingi hadi limekuwa kama kweli. Kila ardhi inapotikisika, iwe Bukoba, Mbeya au Arusha, hazipiti siku mbili simu zinajaa ujumbe wa kusambazwa: Kilimanjaro unaamka, Afrika inapasuka, chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Hata magazeti, na hili lako halijasalimika, huweka picha ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara, au ya Uluguru na kuandika chini yake "volkano iliyolala". Haijalala. Haikuwahi kuwa volkano.

Abiria wa basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha aliyebahatika kupata dirisha la kulia huliona somo zima bila kuongeza nauli. Mombo anakutana na ukuta wa Usambara. Same hadi Mwanga anaandamana na milima ya Upare. Kisha, mawingu yakiridhia, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kinatokeza. Ni majirani wa barabara moja lakini hawana undugu. Mawe ya Usambara yana umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, na yaliivia kilomita zaidi ya 30 chini ya ardhi. Kilimanjaro ni rundo la lava ambalo halijatimiza hata miaka milioni 3. Kuyaita yote volkano ni kuuza nazi na fenesi kwa jina moja kwa sababu vyote hutunguliwa mtini.

Nianze na hiyo bahari ya moto, maana ndiyo mama wa makosa mengine. Haipo. Bara tunaloishi lina gamba la mwamba lenye unene wa kilomita 35 hadi 40 hivi. Chini ya bahari kuu gamba ni jembamba, kama kilomita 7 tu. Chini ya gamba kuna tabaka ambalo vitabu vingine huliita joho la dunia, nalo linashuka hadi kilomita 2,900. Joho hilo ni jiwe. Lina joto kali na ni zito kuliko mawe ya juu, lakini ni jiwe gumu. Hakuna aliyelifikia kwa kuchimba: shimo la Kola nchini Urusi, refu kuliko yote kwenda chini, liliishia mita 12,262 na bado lilikuwa ndani ya gamba. Tunalijua joho kwa njia ya matetemeko. Tetemeko hurusha ndani ya dunia mawimbi ya aina mbili. La kwanza husukuma na kuvuta, kama mabehewa yanavyogongana treni inapofunga breki. La pili hutikisa mwamba upande kwa upande, kama kamba wanayochezesha watoto, na hilo haliwezi kupita ndani ya kimiminika. Linapita joho lote bila shida na kukwama linapofika kwenye kiini cha nje, ambako kweli kuna chuma kilichoyeyuka. Mji wa Moshi ungekuwa umekaa juu ya bahari ya lava, mitambo ya kupima matetemeko ingelikosa wimbi hilo mapema sana.

Jiwe gumu hilo, hata hivyo, hutiririka. Anayeona ajabu aende penye barabara inayojengwa atafute pipa la lami lililoachwa limelala wazi. Kipande cha lami baridi ukikigonga kwa nyundo kinavunjika kama kioo. Lakini lami ile ile iliyo ndani ya pipa, ikipewa wiki kadhaa, inajitandaza chini taratibu bila kuchemshwa na mtu. Joho hufanya hivyo kwa kasi ya sentimita chache kwa mwaka.

Basi lava inatoka wapi, kama chini ni jiwe? Hapa dereva yeyote anaweza kuwa mwalimu. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yalikuwa yametulia, si kwa kukosa joto, bali kwa sababu mgandamizo uliyazuia kuchemka. Ukifungua, yanachemka papo hapo na kukuunguza. Mwamba wa kilomita 100 chini una joto la nyuzi 1,300 hivi na ni mgumu kwa sababu umegandamizwa. Bara likivutwa na kuwa jembamba, mwamba huo unapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu ndogo yake, asilimia chache tu, inayeyuka. Hakuna aliyeongeza kuni. Huo ndio uji wa moto unaolisha volkano za Bonde la Ufa. Kuna njia nyingine, ya maji: bamba la bahari likizama chini ya bara, maji yaliyomo kwenye miamba yake yanafinywa na kupanda, na mwamba wa juu yake ukiloa huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Hiyo ndiyo hali ya Andes na Indonesia. Kwetu bara haligongani na chochote, linavutwa.

Nimetaja bamba. Bamba ni gamba pamoja na sehemu ya juu ya joho iliyopoa na kushikamana nalo, na unene wake kwa kawaida ni kilomita 100 hivi, zaidi ya hapo chini ya mabara makongwe. Mwamba wa katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma na Singida hadi Shinyanga na Mwanza, ni mmoja wa makongwe hayo: umri wake unazidi miaka bilioni 2.5, na wajiolojia huuita kratoni. Majabali ya Mwanza yanayopigwa picha kila siku ni sehemu yake. Ufa ulioshuka kutoka Ethiopia haukuweza kuupasua. Uligawanyika kama maji ya mto yanavyokwepa jabali: tawi la mashariki likapita Turkana, Baringo, Naivasha, Magadi, Natron na Manyara, la magharibi likapita Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Kipande kilichobaki katikati, chenye Ziwa Victoria mgongoni, ni bamba dogo linalojizungusha taratibu kinyume cha mshale wa saa.

Sasa kasi. Vituo vya GPS vilivyofungwa kwenye miamba vinaonyesha kwamba Ethiopia bamba la Nubia, lenye sehemu kubwa ya Afrika, na bamba la Somalia, lenye pwani yetu, yanaachana kwa milimita 6 hadi 7 kwa mwaka. Kadiri unavyoshuka kusini kasi hupungua. Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni kama nusu ya hapo. Kucha ya kidole cha mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi mmoja. Bara linatumia mwaka mzima kumaliza safari hiyo.

Ndiyo maana habari za Machi 2018 ziliwachekesha wapimaji. Karibu na Suswa nchini Kenya, mvua kubwa ilifuatiwa na korongo lililokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na dunia nzima ikatangaziwa kwamba Afrika imepasuka. Pengo la mita 10 kwa mwendo wa milimita 4 kwa mwaka lingehitaji miaka 2,500. Kilichotokea ni kwamba eneo lile limejaa majivu ya volkano yasiyoshikamana. Maji yalipenya, yakachimba handaki chini kwa chini, na paa la handaki likaporomoka. Maji hufuata nyufa za kale, na nyufa hizo ni za Bonde la Ufa kweli, lakini mchimbaji alikuwa mvua.

Anayetaka kuona bara likipasuka kweli aangalie Afar, Ethiopia, Septemba 2005. Pale Dabbahu uji wa moto ulijipenyeza kwenye ufa wenye urefu wa kilomita 60 na kuusukuma ukafunguka hadi mita 8, ndani ya wiki chache, huku matetemeko yakifuatana. Kwa hiyo milimita zangu zisichukuliwe kama mwendo wa saa ya ukutani. Ni wastani. Ardhi huweka akiba ya mvutano kwa karne nyingi, kisha inalipa deni kwa mkupuo.

Nirudi Usambara, ambako ndiko niliko na la kusema zaidi.

Panda kutoka Mombo kwenda Soni na usimame penye mwamba uliokatwa na barabara. Jiwe utakaloliona lina mistari, mweupe na mweusi, mara nyingi imepindapinda kama unga wa chapati uliokunjwa ukasukumwa tena. Hiyo ni gneisi, mwamba geu, yaani jiwe lililobadilishwa na joto na mgandamizo. Tafuta ndani yake punje nyekundu za mviringo, kuanzia ukubwa wa mtama hadi harage: hizo ni ganeti. Lava haina sura hiyo. Lava ya kawaida ni jiwe la kijivu au jeusi lisilo na mistari, punje zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho, na mara nyingi lina vitundu vilivyoachwa na gesi, kama mkate. Mtoto wa darasa la tano anaweza kutofautisha mawe haya mawili kwa dakika moja akiwa nayo mkononi.

Ganeti ile si pambo tu. Ni kipimo. Viwango vya chuma, magnesi na kalsi ndani yake, vikilinganishwa na vya madini yaliyokua jirani yake, hueleza joto na mgandamizo wa siku yalipoiva. Mawe ya Usambara, Upare na Uluguru hutoa jibu la nyuzi 800 hivi na kina cha kilomita 30 hadi 40, na umri wa kuiva huko ni takriban miaka milioni 640. Sasa tazama hesabu inavyojifunga yenyewe. Mwamba uliokuwa kilomita 35 chini leo uko juu ya ardhi, na bado chini yake kuna gamba la kilomita 35 hadi 40. Maana yake siku ile gamba lilikuwa na unene wa kilomita 70 hivi. Leo gamba la unene huo liko Tibet, nyuma ya Himalaya, mahali ambapo bara limegonga bara. Basi hapa palikuwa na mgongano wa aina hiyo: vipande vya bara kuu la kale la Gondwana vilikutana, bahari iliyokuwa kati yao ikafungwa, na safu ya milima ikasimama kutoka Msumbiji hadi Arabuni. Mwingereza Arthur Holmes, mmoja wa watu wa mwanzo kueleza kwamba mabara huendeshwa na mzunguko wa joto ndani ya joho, ndiye aliyeupa ukanda huu jina la Ukanda wa Msumbiji, mwaka 1951. Tanzanaiti ya Mererani ilizaliwa ndani ya miamba ya ukanda huo huo, yenye grafaiti na vanadi kidogo iliyoipa rangi ya buluu.

Msomaji atauliza: milima ya kimo hicho ilikwenda wapi, na mawe ya kina cha kilomita 30 yalipandaje bila kulipuka? Jibu liko bandarini. Jahazi lililosheheni boriti huzama hadi maji yakaribia ukingo. Wakianza kushusha, linaibuka, na ubavu uliokuwa chini ya maji unatokeza na ukoga wake. Hakuna anayelinyanyua; limepunguziwa mzigo tu. Mlima nao huelea. Mwamba wa gamba una uzito wa tani 2.7 kwa kila mita ya ujazo, na wa joho tani 3.3. Gawanya 2.7 kwa 3.3 upate 0.82. Maana yake mvua na mito ikiondoa mita 1,000 za mwamba kutoka juu ya safu ya milima, chini yake safu inaibuka mita 820. Kimo kinapungua mita 180 tu. Ili kuisawazisha nyanda ya juu yenye kimo cha mita 5,000 inabidi kuondoa kilomita 27 au 28 za mwamba, na mwishoni kabisa kinachobaki juani ni kile kilichokuwa kwenye mizizi. Hapo ndipo ilipotoka gneisi ya Soni. Udongo uliochukuliwa ulikwenda baharini zamani, kabla hata ya dinosaria wa Tendaguru.

Ila hiyo bado haielezi kwa nini Usambara ni mlima leo. Mizizi iliyosawazishwa ingekuwa tambarare, kama ilivyo sehemu kubwa ya Handeni yenye mawe ya jamii hiyo hiyo. Kilichoiinua ni nyufa. Gondwana ilipoanza kuvunjika, gamba lilikatika vipande virefu, vingine vikashuka na vingine vikabaki juu. Nyufa hizo zikaamshwa tena katika mamilioni ya miaka ya karibuni, Bonde la Ufa lilipofunguka. Ukuta unaoupanda kutoka Mombo, zaidi ya mita 900 hadi Lushoto, ni uso wa ufa wa namna hiyo uliochongwa na mvua. Mito bado haijapata muda wa kuulainisha, ndiyo maana magari yanapiga kona nyingi hivyo.

Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ni hadithi hiyo hiyo kwa sauti kubwa zaidi. Watu wanaona theluji na kilele cha mita 5,109, wanakumbuka Kilimanjaro, wanahitimisha volkano. Ukipanda, mkononi unashika gneisi. Ni bonge la gamba lililokatwa na nyufa pande zote na kusukumwa juu, huku bonde la Semliki upande wa magharibi likishuka na kujazwa mashapo. Ni mlima mrefu kuliko yote Afrika isiyo ya volkano. Kinachowachanganya watu ni vishimo vya volkano vilivyotapakaa chini yake, upande wa Katwe na Fort Portal. Hivyo ni kweli volkano, vidogo, na ni wageni pale.

Volkano zenyewe nazipitia haraka, maana ndizo zinazosomwa. Kilimanjaro ni tatu: Shira iliyoanza miaka milioni 2.5 hivi iliyopita, kisha Mawenzi na Kibo. Shughuli kubwa ya mwisho ya Kibo ilikwisha miaka 150,000 hadi 200,000 iliyopita, ingawa kreta yake bado inatoa gesi yenye harufu ya salfa. Lava yake moja inatambulika mara moja: jiwe jeusi lenye fuwele kubwa nyeupe za umbo la uru wa karata. Meru ulipoteza ubavu wa mashariki ulioporomoka mzima mzima, na vilima vya Momella ni kifusi chake. Mlipuko wake wa mwisho, mdogo, ulikuwa mwaka 1910. Majivu na lava za huko zina floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa Arumeru yanatokana na maji yaliyopita humo, si uchafu.

Oldoinyo Lengai unastahili sentensi zaidi. Ni volkano pekee duniani inayojulikana kutoa, katika zama hizi, lava ya kaboneti ya sodiamu na potasiamu. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hivi. Hii hutoka na nyuzi 500 hadi 600, nyepesi kuliko uji wa mgonjwa, na mchana inaonekana kama oili chafu ya gari. Ikikutana na unyevu wa hewa inageuka kijivu, kisha nyeupe kama chokaa, wakati mwingine ndani ya siku moja. Wapita njia wengi wanaoutazama kwa mbali hudhani ni theluji. Julai 2007 uji wa moto ulijipenyeza kwenye ufa chini ya mlima jirani wa Gelai bila kufika juu. Tetemeko kubwa la mfululizo huo, la kipimo cha 5.9 tarehe 17, lilisikika hadi Nairobi, na wiki chache baadaye Lengai wenyewe ukalipuka kwa majivu.

Ukitaka volkano ya kuogopa kweli, iko karibu na mji wa Goma, nchini Kongo. Lava ya Nyiragongo ina kidogo mno silika, kitu kinachoifanya lava iwe nzito kama gundi, kwa hiyo inakimbia. Mwaka 1977 ziwa la lava la kileleni lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, na Mei 2021 ikashuka tena. Ajabu ni kwamba ujumbe wa kusambazwa hautaji Nyiragongo. Unataja Kilimanjaro, pengine kwa sababu picha yake iko kwenye simu tayari.

Kwa walimu wenzetu wa jiografia, jaribio la sanduku la mchanga linafundisha kuliko jedwali la vitabu vya shule la "aina nne za milima". Mwambie fundi vioo akukatie sanduku lenye urefu wa sentimita 40, upana 12 na kimo 15, vioo viwe vya milimita 4. Chukua mchanga laini, uoshe tope lote litoke, uanike siku nzima kwenye jua kali, kisha uupitishe kwenye chekeche la unga. Kata ubao unaopita ndani ya sanduku kwa wima, ukiacha nafasi ya milimita 1 kila upande, na ubandike sponji nyembamba pembeni ili mchanga usipenye. Kwa kuvuta, bandika karatasi ngumu chini ya ubao, iishie katikati ya sanduku. Nyunyiza mchanga kwa chekeche, tabaka la milimita 5, usawazishe kwa rula bila kukandamiza, kisha unga wa ngano wa milimita 1 uwe mstari. Rudia hadi ufike sentimita 3 au 4. Vuta ubao taratibu sentimita 2. Juu ya mwisho wa karatasi zitatokea nyufa mbili zinazotazamana, na kipande cha kati kitashuka. Hapo una Bonde la Ufa, na mabega yake ndiyo Usambara. Kwa kusukuma, mwaga kila kitu, ondoa karatasi, panga upya, usukume sentimita 8 hadi 10. Mchanga utapanda vipande juu ya vipande, kila ufa mpya ukitokea mbele ya ule wa zamani, kama matofali yanayobebana.

Likikataa, mara nyingi kosa ni moja kati ya haya. Mchanga una unyevu, basi unashikana na kusukumika kama kitumbua kizima. Unga umemwagwa mnene, basi unakatika kama biskuti badala ya kufuata mchanga. Kioo kina vumbi, basi mchanga wa pembeni unabaki nyuma na mwanafunzi anaona nyufa ambazo katikati hazipo. Kifute kwa kitambaa kikavu. Umekandamiza tabaka la chini, basi nyufa zinaishia nusu. Na usiwaahidi watoto mikunjo mizuri kama ya kitabuni. Mchanga mkavu huvunjika, haukunjiki. Mwamba hukunjika ukiwa na joto, kilomita nyingi chini, kwa muda mrefu. Ndiyo maana mikunjo ya kweli utaionea gneisi ya Soni, si kwenye sanduku.

Jedwali la aina nne silipendi kwa sababu linamfanya mtoto aamini kila mlima una sababu moja. Himalaya imewekwa chini ya "kukunjamana", na kweli kilele cha Everest ni chokaa ya baharini yenye mabaki ya viumbe vya majini, lakini kilichoinua kimo kile ni gamba lililopandishwa juu ya gamba kwenye nyufa kubwa, tangu India ilipoigonga Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita. Andes imewekwa humo humo, na wakati huo huo imejaa volkano. Usambara imewekwa chini ya "bloku" bila neno hata moja juu ya mgongano uliotengeneza mawe yake.

Kuhusu hofu, ielekezwe panapostahili. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya 20, la kipimo cha 7.4, lilitokea Rukwa tarehe 13 Desemba 1910, mahali pasipo mlima wa kutisha. La Subukia, Kenya, tarehe 6 Januari 1928, liliacha ufa wa kilomita 38 juu ya ardhi. La Kagera la Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu na liliua watu. Kwenye matetemeko ya namna hii kinachoua ni ukuta. Nyumba ya matofali yaliyounganishwa kwa udongo, isiyo na mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote kwenye usawa wa linta, pembe zake huachana, kuta hufunguka kama boksi, na paa huja chini. Anayejenga Bukoba, Sumbawanga au Mbeya aache kuuliza habari za Kilimanjaro, aulize fundi wake kama mkanda umefunga kona zote nne.

Ombi langu kwa dawati lako la picha ni dogo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, hapa Dodoma, ina ramani zinazoonyesha aina ya mwamba eneo kwa eneo. Kabla ya kuandika maelezo ya picha ya mlima, mwandishi atazame ramani hiyo, au ampigie simu mtu aliye Lushoto amwambie aokote jiwe na kuangalia kama lina mistari. Picha ya Kibo ikifika mezani, hapo neno volkano litumike bila woga.

Mjiolojia,
Dodoma.